Ukuta wa Fanksheni

Chukua duka dogo la mtandaoni lililoandikwa kwa PHP. Juu ya faili mwandishi ameweka kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambacho ndicho cha kawaida Tanzania Bara. Chini yake kuna fanksheni inayopokea bei ya bidhaa na kurudisha bei pamoja na kodi. Mistari yote haifiki kumi, na mtu yeyote anayejua asilimia anaona mara moja kilichokusudiwa:

$vat = 18;

function bei_kamili($bei) {
    return $bei + ($bei * $vat / 100);
}

echo bei_kamili(50000);

Jibu linalotarajiwa ni 59000. Jibu linalotoka ni 50000. Kodi imeyeyuka, ilhali kiwango chake kimeandikwa pale juu kwa herufi zinazosomeka. Sababu ni kwamba katika PHP kila fanksheni ina mawanda yake, yaani eneo ambamo majina ya vigeu vyake yanatambulika, na ukuta wa eneo hilo hauna dirisha la kuchungulia nje. Kigeu $vat kilicho juu ya faili na $vat kinachotajwa ndani ya fanksheni ni viwili, vimefanana jina tu. Cha ndani hakijawahi kupewa thamani, kwa hiyo PHP inakichukulia kuwa ni kitupu, na kitupu kikiingia kwenye kuzidisha huwa sifuri. Dawa zinazojulikana ni mbili. Unaweza kuandika global $vat; ndani ya fanksheni, ukaiambia PHP waziwazi kwamba unakitaka cha nje. Au unaweza kuipokea kodi mlangoni, kama fanksheni inavyoipokea bei: bei_kamili($bei, $vat).

Wanaoanza PHP, hasa waliotangulia kujifunza JavaScript, huuona utaratibu huu kuwa ni ukaidi usio na faida. Kitu kipo mistari miwili juu. Lugha ijifanye haikioni kwa nini? Sura hii inautetea ukaidi huo, ingawa si kila namna PHP ilivyoutekeleza. Dai ninalolijenga ni kwamba katika skripti za wavuti jambo zito ni nani anayeweza kukibadilisha kigeu bila kutangaza. Kuonekana kwa kigeu ni jambo jepesi likilinganishwa na hilo. Lugha inayoruhusu fanksheni kuandika nje ya ukuta wake kimyakimya inamwachia mwandishi deni ambalo halioni likikua, na historia ya lugha za wavuti kwa miaka 30 iliyopita ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kulilipa deni hilo.

Tuanze na sababu ambayo wenye PHP wenyewe wanaitoa. Mwongozo rasmi wa lugha hiyo unaitaja C, ambako kigeu cha jumla, yaani kilichotangazwa nje ya fanksheni zote, kinapatikana ndani ya kila fanksheni isipokuwa kifunikwe na cha ndani chenye jina hilohilo. Hapo mtu anaweza kukibadilisha cha jumla bila kukusudia. Tazama duka letu. Tuseme PHP ingekuwa wazi kama C, na duka likaanza kuwauzia wateja wa Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Mwandishi wa pili anaongeza fanksheni ya ankara za Nairobi, na ndani yake anaandika $vat = 16; akidhani ameunda kigeu chake mwenyewe. Tangu mstari huo unapotekelezwa, kila hesabu inayofuata katika ukurasa uleule, pamoja na ya mteja wa Mwanza, inatumia 16. Hakuna kitakacholalamika. Namba itakayotoka itafanana na namba halali, nayo itaingia kwenye risiti, kwenye hifadhidata, na hatimaye kwenye mahesabu ya mwisho wa mwezi.

Linganisha makosa hayo mawili. Ukuta uliofungwa ulitupa bei isiyo na kodi kabisa, kosa ambalo mtu akijaribu ukurasa mara moja analiona. Ukuta ulio wazi ungetupa bei yenye kodi karibu sahihi, tena kwa baadhi ya wateja tu, tena kutegemea fanksheni ipi ilitangulia kuitwa. Kosa la kwanza linakaa mahali pamoja, na anayelitafuta anahitaji kusoma fanksheni moja tu. La pili linaweza kuwa limetoka popote katika programu, kwa hiyo anayelitafuta lazima asome programu nzima. Tofauti hiyo ya kiasi cha kusoma ndiyo hoja yote ya mawanda, na haikuanza na wavuti: mwaka 1973 William Wulf na Mary Shaw walichapisha makala mashuhuri ya kuvishutumu vigeu vya jumla, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mtindo uliorithiwa kutoka ALGOL unampa kila aliye ndani uwezo wa kugusa cha nje, atake asitake, na mwenye kigeu hana njia ya kumzuia.

Wavuti uliongeza hatari ambayo Wulf na Shaw hawakuwa na sababu ya kuifikiria: mtu wa nje kabisa, asiyeandika hata mstari mmoja wa programu, anaweza kuwa ndiye anayeandika kwenye vigeu vyako. PHP ya zamani ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals. Ukiwa umewashwa, kila kitu alichotuma mgeni, kiwe kimo kwenye anwani ya ukurasa, kwenye fomu au kwenye kuki, kiligeuka kigeu cha jumla chenye jina hilohilo. Fomu yenye sehemu iitwayo jina ilikuletea $jina, basi, bila mstari wa ziada. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la kupendeza. Sasa fikiria skripti inayoandika: kama nenosiri ni sahihi, $ameruhusiwa = true; kisha mistari michache chini: kama $ameruhusiwa, onyesha ukurasa wa msimamizi. Mwandishi amesahau kuanza kwa $ameruhusiwa = false. Mgeni asiye na nenosiri anaongeza ?ameruhusiwa=1 mwishoni mwa anwani, na mlango unafunguka.

Kuanzia toleo la 4.2.0, mwaka 2002, mpangilio huo ukawa umezimwa kama chaguo-msingi. Kwa nini haukufutwa palepale? Kwa sababu maelfu ya skripti zilizokwisha kuandikwa ziliutegemea, na wenye seva waliendelea kuuwasha ili wateja wao wasilalamike. Ulitangazwa kuwa umepitwa na wakati katika toleo la 5.3 mwaka 2009, ukaondolewa moja kwa moja katika la 5.4 mwaka 2012. Miaka 10 nzima ya kufunga dirisha moja. Kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo husimuliwa kwa nadra, nalo ndilo linalonihusu zaidi. Vigeu alivyopenyeza mgeni viliingia kwenye mawanda ya jumla peke yake. Ndani ya fanksheni havikufika, kwa sababu ya ule ukuta tunaoulalamikia. Kama ukaguzi ule wa ruhusa ungeandikwa ndani ya fanksheni yenye $ameruhusiwa yake, bila neno global, kusahau kuweka false kusingempa mgeni chochote. Ukaidi wa PHP uliwalinda hata wale ambao hawakujua kwamba wanashambuliwa.

JavaScript ilishika njia nyingine. Brendan Eich aliitengeneza huko Netscape mwezi Mei 1995 kwa siku 10, na katika haraka hiyo iliamuliwa kwamba ukiandika kwenye jina ambalo hujalitangaza, lugha italiunda lenyewe, na italiunda katika mawanda ya jumla. Kusahau neno var, kwa maneno mengine, kulikufikisha nje ya ukuta bila wewe kujua. Athari yake inaonekana vizuri kwenye fanksheni mbili ambazo kila moja, ukiisoma peke yake, haina dosari. Moja inaorodhesha bidhaa za duka, nyingine inachora nyota tano za ubora chini ya kila bidhaa:

function onyeshaBidhaa() {
    for (i = 0; i < bidhaa.length; i++) {
        andikaJina(bidhaa[i]);
        choraNyota();
    }
}

function choraNyota() {
    for (i = 0; i < 5; i++) {
        ongezaNyota();
    }
}

Kigeu i hakikutangazwa popote, kwa hiyo fanksheni zote mbili zinatumia i moja ya jumla. Bidhaa ya kwanza inaandikwa, i ikiwa 0. Kisha choraNyota inaichukua i ileile, inaipandisha hadi 5, inarudi. Mzunguko wa nje unaongeza moja, i inakuwa 6. Duka likiwa na bidhaa 6 au pungufu, mzunguko unaona umemaliza kazi, na mteja anaonyeshwa bidhaa moja tu. Mwenye duka akiongeza ya saba, mambo yanageuka: 6 ni ndogo kuliko 7, kwa hiyo bidhaa ya saba inaandikwa, nyota zinachorwa, i inarudishwa kwenye 5, inaongezwa kuwa 6, bidhaa ya saba inaandikwa tena, na tena, mpaka kivinjari kigande. Mtu anayelichunguza tatizo hili atasema, na atakuwa na haki ya kusema hivyo, kwamba duka lilikuwa linafanya kazi nusunusu jana na limekufa leo kwa sababu limeongezewa bidhaa. Ataikagua bidhaa ya saba, picha yake, bei yake, maelezo yake. Hana sababu yoyote ya kutazama nyota.

Tiba ilikuja kwa vipande. Toleo la tano la kiwango rasmi cha lugha hiyo, la Desemba 2009, lilileta hali ya ukali inayowashwa kwa kuandika "use strict" mwanzoni mwa faili au fanksheni. Ndani yake, kuandika kwenye jina lisilotangazwa ni kosa linalosimamisha programu palepale na kutaja mstari. Toleo la mwaka 2015 likaongeza let na const, ambazo zinayabana mawanda zaidi kuliko var: var huenea fanksheni nzima hata ukiiandika ndani ya kifungu cha if, lakini let inaishia kwenye mabano yanayoizunguka. Toleo hilohilo likaleta moduli, ambamo ukali umewashwa bila kuombwa na jina la juu ya faili halivuji kwenda faili jingine. Hatua zote hizo zilielekea upande mmoja, na ni vigumu kupata lugha kubwa ya wavuti iliyoanza kwa kufunga uandishi huu kisha ikaufungua.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni masaibu ya lugha zilizozaliwa kwa haraka na waandishi wasiotangaza vigeu vyao. Kisa cha Let's Encrypt kinakanusha. Shirika hili lisilo la kibiashara hutoa bure vyeti vinavyoziwezesha tovuti kutumia HTTPS, na programu yake, Boulder, imeandikwa kwa Go, lugha inayokataa hata kuendesha programu yenye kigeu kisichotangazwa. Kabla ya kutoa cheti, shirika linapaswa kuangalia kumbukumbu ziitwazo CAA, ambamo mwenye kikoa hutaja ni nani anayeruhusiwa kumtolea vyeti. Cheti kimoja kinaweza kubeba vikoa vingi, na vile ambavyo ukaguzi wake umepitwa na muda hukaguliwa upya kwa mzunguko. Katika Go ya wakati huo, kigeu cha mzunguko kilikuwa kimoja kwa mizunguko yote: kila hatua iliandika thamani mpya juu ya ile ya zamani. Sehemu moja ya Boulder ilihifadhi kiungo cha kigeu chenyewe badala ya kunakili thamani yake, basi mwishowe viungo vyote vikawa vinaelekea kikoa kimoja. Ombi lenye vikoa 10 vya kukagua upya lilikagua kikoa kimoja mara 10.

Hitilafu hiyo iliingia Julai 2019 na haikugunduliwa mpaka tarehe 29 Februari 2020. Vyeti vilivyoguswa vilikuwa 3,048,289. Kanuni za sekta zilitaka vibatilishwe ndani ya siku 5. Shirika lilibatilisha zaidi ya milioni 1.7, kisha likaamua kuviacha vilivyobaki, kwa kuwa kuvibatilisha vyote kungezivunja tovuti nyingi zisizo na hatia. Go ilibadilishwa katika toleo la 1.22, Februari 2024, ili kila hatua ya mzunguko iwe na kigeu chake, na watunzi wake walikitaja kisa hiki walipoeleza kwa nini wanathubutu kubadilisha maana ya msimbo uliokwisha kuandikwa. C# ilikuwa imefanya mageuzi ya namna hiyo kwa foreach mwaka 2012, na let ya JavaScript ilizaliwa ikiwa hivyo. Boulder haikukosa utangazaji wala ukaguzi wa aina. Ilikuwa na kigeu ambacho mawanda yake yalikuwa mapana kuliko msomaji alivyoyadhani, na kitu kilichokiandika upya bila kusema. Uangalifu wa mwandishi, ambao ndio jibu la kwanza la watu wengi kuhusu makosa ya aina hii, ulikuwepo pale kwa wingi.

Hapa kuna pingamizi linalostahili uzito. Kama ukuta ni mzuri hivyo, kwa nini lugha nyingi nzuri zinaiacha fanksheni isome vigeu vya nje bila kuomba? Python inafanya hivyo. Hata PHP, tangu toleo la 7.4 la mwaka 2019, ina fanksheni fupi za mshale, fn, ambazo zinaviona vigeu vya pale zilipoandikwa bila tangazo lolote, wakati fanksheni zisizo na jina za mwaka 2009 zililazimika kuviorodhesha kwa neno use. Je, huku si kurudi kwenye uwazi ule ule?

Ukizitazama kwa karibu, lugha hizi zinatenganisha mambo mawili ambayo JavaScript ya 1995 iliyachanganya. Katika Python, fanksheni inasoma cha nje bure, lakini ikiandika kwenye jina lolote, jina hilo linahesabiwa kuwa la ndani, isipokuwa itangazwe global au, tangu Python 3 ya mwaka 2008, nonlocal. Ukijaribu kusoma jina la nje na kuliandikia katika fanksheni ileile bila tangazo, Python inasimama na kulalamika. Fanksheni ya mshale ya PHP inapewa nakala ya thamani: ikiandika juu yake, cha nje hakitikisiki. Na PHP yenyewe, pamoja na ukaidi wake wote kwa vigeu, inaacha visobadilika vilivyoundwa kwa const au define vionekane ndani ya kila fanksheni. Kodi yetu ingeandikwa const VAT = 18; fanksheni ingeiona mara moja, bila global, bila kupokelewa mlangoni. Hakuna anayelalamikia hilo, kwa kuwa kitu kisichobadilika hakiwezi kumharibia mtu. Kwa hiyo pingamizi hili linalinoa dai letu. Usomaji unaweza kuachwa wazi kwa gharama ndogo. Uandishi ndio unaohitaji tangazo. Kama PHP ingezaliwa upya leo, ningekubali ifuate njia ya Python katika hili, na wanaoanza wangepungukiwa na sababu moja ya kuvunjika moyo.

Pingamizi la pili ni la vitendo, na linabeba jina zito: WordPress. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa nayo, na ndani yake imejaa vigeu vya jumla: $wpdb kwa hifadhidata, $post kwa makala inayoonyeshwa, $wp_query kwa orodha ya makala. Kama mtindo huu ni mbaya, umefikaje hapo? Umefika hapo kwa sababu unarahisisha kuanza, na hilo si jambo la kubeza. Mtu anayetengeneza mandhari ya tovuti anaita the_title() bila kupitisha chochote, na kichwa cha makala kinatokea. Ila tazama bili inavyokuja baadaye. Akiweka pembeni orodha ya makala zinazofanana, msimbo wa orodha hiyo unaandika juu ya $post. Baada yake, ukurasa unaodhani bado uko kwenye makala kuu unaanza kuonyesha kichwa, maoni na mwandishi wa makala ya pembeni. Ndiyo maana kuna fanksheni wp_reset_postdata(), ambayo kazi yake ni kurudisha $post kama ilivyokuwa, na ambayo kila mwandishi lazima akumbuke kuiita. Ndiyo maana pia waandishi wa programu-jalizi wanaagizwa kuweka kiambishi cha kipekee mbele ya kila jina la jumla. Nidhamu inafanya kazi ambayo ukuta ungeifanya bure, na nidhamu hudai kukumbukwa na kila mtu, kila siku.

WordPress yenyewe imeonyesha inakoelekea. Wengi wamewahi kuweka kigeu ndani ya faili la kichwa cha ukurasa kisha wakashangaa kwamba faili la mkia halikioni. Sababu ni kwamba get_header() ni fanksheni, na faili linalopachikwa kutoka ndani ya fanksheni hurithi mawanda ya fanksheni hiyo. Ikimalizika, vigeu vyake vinakwenda nayo. Kwa miaka mingi jibu lililozagaa lilikuwa "weka global". Toleo la 5.5, Agosti 2020, lilileta jibu lingine: fanksheni hizo za kupachika sasa zinapokea $args, kifurushi cha vitu unavyotaka kuvipitisha. Mfumo mashuhuri kuliko yote kwa vigeu vya jumla ulipopata nafasi ya kutatua tatizo la ukuta, ulitengeneza mlango.

Bado kuna wanaosema, na sauti hii huisikia kila anayefundisha, kwamba skripti ya mistari 20 haihitaji falsafa yote hii. Ni kweli, kama itabaki mistari 20. Lakini upande wa kivinjari, hata skripti fupi kabisa haikai peke yake. Ukurasa wa kawaida wa habari unapakia skripti ya matangazo, ya kuhesabu wasomaji, ya vitufe vya mitandao ya kijamii, kila moja ikiwa imeandikwa na watu wasiofahamiana, na skripti zote za kawaida katika ukurasa mmoja zinagawana mawanda mamoja ya jumla. Maktaba ya jQuery, iliyotolewa mwaka 2006, ilichagua jina $ ambalo maktaba ya Prototype ilikuwa inalitumia tayari. Ilibidi jQuery iwe na njia rasmi, noConflict(), ya kumrudishia mwenzake jina. Hao walikuwa wataalamu wenye majina makubwa, na waligongana kwa herufi moja. Mwandishi wa mistari 20 anayeita kigeu chake data au jina ana nafasi kubwa zaidi ya kugongana na mtu.

Malalamiko ya wanaoanza, hata hivyo, yana kiini cha kweli, na watetezi wa PHP huwa wanakiruka. Ukuta wa PHP ulikuwa sahihi. Unyamavu wake haukuwa sahihi. Fanksheni ilipotaja $vat isiyokuwepo, lugha ilipaswa kugoma. Badala yake iliweka kitupu na kuendelea, ikitoa notisi ambayo seva nyingi zilikuwa zimeizima ili wageni wasiione. Kosa ambalo ukuta ulikusudiwa kulifanya lionekane likazibwa mdomo na mpangilio mwingine wa lugha hiyohiyo. Ndiyo maana dukani kwetu programu iliendelea hadi kwenye 50000 kana kwamba hakuna kilichotokea. PHP 8, ya Novemba 2020, iliipandisha notisi hiyo kuwa onyo, na waendelezaji wa lugha wameshapiga kura kwamba katika toleo la 9 kusoma kigeu kisichokuwepo kutakuwa kosa la kusimamisha programu. Asiyetaka kusubiri anaweza kuweka error_reporting(E_ALL) kwenye mashine yake ya kazi, akaacha maonyo yaonekane, na kuyazima kwenye macho ya wageni tu huku yakiandikwa kwenye faili la kumbukumbu za seva.

JavaScript haiwezi kufanya kama PHP. Kurasa zilizoandikwa mwaka 1996 bado zinafunguka kwenye vivinjari vya leo, na hakuna kampuni ya kivinjari itakayokubali kuzivunja. Hata umbo la "use strict" lilichaguliwa kwa sababu hiyo: ni maneno ndani ya alama za kunukuu, ambayo kivinjari cha zamani kinayasoma, hakioni cha kufanya nayo, na kinapita. Kwa hiyo uwazi wa 1995 bado ndio chaguo-msingi la kila skripti ya kawaida, na atakayetaka ukuta lazima auombe, njia rahisi ikiwa kuandika type="module" kwenye lebo ya script. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza karibu kila mara hukutana na tatizo moja. Kitufe chenye onclick="ongezaKikapuni()" kinaacha kufanya kazi, na kivinjari kinadai ongezaKikapuni haipo, kwa sababu jina hilo sasa linaishi ndani ya moduli na kitufe kiko nje. Anaweza kukifunga kitufe kutoka ndani ya moduli kwa addEventListener, nami ningemshauri hivyo. Au anaweza kuandika window.ongezaKikapuni = ongezaKikapuni; akalitoa nje jina hilo moja, huku mengine yote yakibaki ndani. Njia ya pili haipendezi sana, lakini atakayeirithi programu hiyo miaka mitano baadaye atalitafuta neno window katika faili zote na kupata, mahali pamoja, orodha ya kila kitu kilichopitishwa nje ya ukuta.